Fedha Inapotumbukia kwenye Majitaka: Shajara ya Mradi

3 Machi

Msimamizi wangu amesaini andiko la mradi wangu leo. Swali limebaki sentensi moja, baada ya kufutiwa aya tatu nilizozipenda: chembe za nano za fedha zikiingia kwenye bwawa la majitaka, bakteria wanazifanya nini kabla hazijawafanya wao kitu?

Tuelewane mapema. Fedha ninayoiandika hapa ni madini, ile ya pete na bangili, na chembe za nano ni vipande vyake vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ile nyingine mradi huu hauna.

Aya nilizofutiwa zilianza kama maandiko yote ya namna hii yanavyoanza: fedha inaua vijidudu, kwa hiyo ni nzuri, fedha inaua vijidudu, kwa hiyo ni hatari. Msimamizi akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Inaua wapi? Ndani ya nini?" Nikaona ananionea. Nayaandika haya ili baadaye nisije nikadai kwamba nilimwelewa tangu siku ya kwanza.

Mahali pa kuanzia ni soksi. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Arizona State University walitikisa kwenye maji soksi zilizotiwa fedha ili zisinuke. Fedha ikatoka, na kuna soksi zilizopoteza karibu yote kwa kufuliwa mara chache tu. Nguo za michezo, bandeji za vidonda, vichujio vya maji, vyote vimo kwenye orodha hiyo. Hapa kwetu wengi wanamkumbuka Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015 kwa kichujio chake cha mchanga na malighafi ya nano. Kinachotoka kwenye nguo kinafuata maji, na maji ya mjini, pale palipo na bomba la majitaka, yanaishia bwawani. (Soksi za mitumba nadhani zimeshamaliza fedha yake huko zilikotoka.)

6 Machi

Siku ya kupika chembe. Njia tunayotumia ni ya baridi: mililita 30 za sodiamu borohaidraidi, kemikali inayoigeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe, kwenye chupa iliyozama ndani ya barafu, halafu mililita 10 za naitreti ya fedha, yaani chumvi ya fedha iliyoyeyushwa majini, zinadondoshwa tone moja kila sekunde huku mchanganyiko ukikorogwa. Tone la mwisho likiingia, unazima kikorogeo palepale. Ukizidisha, chembe zinagongana na kushikana, rangi inakolea, inaingia zambarau, kisha unabaki na maji ya kijivu.

Rangi tunayoitafuta ni ya njano safi, kama maji yaliyotiwa bizari kidogo. Inatokana na ukubwa wa chembe wenyewe. Kipande cha fedha cha kushika mkononi hakiwezi kuwa cha njano hata ukikisugua mpaka kesho, lakini kikigawanywa mpaka chembe zifike nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zinaanza kunyonya mwanga wa urujuani, na kinachobaki kuonekana ni njano.

Nimepika mara tatu. Mara zote tatu nimepata kijivu.

7 Machi

Fundi wa maabara, mzee ambaye amewaona wanafunzi wengi kama mimi wakipita, alinitazama nikimwaga chungu cha nne, akaniuliza: "Mwanangu, vyombo umeosha na maji gani?"

"Ya bomba, mzee. Halafu nikasuuza na yaliyokenekwa."

"Umesuuza mara ngapi?"

Nikanyamaza. Akachukua bika niliyoita safi, akatia maji yaliyokenekwa kidogo, akadondosha naitreti ya fedha. Wingu jeupe, jepesi, kama tone la maziwa. Lile jaribio tulilolifanya kidato cha nne kutambua kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi, leo ndilo limenitambua mimi. Siku ambazo bomba halitoi, tanki letu linajazwa maji ya kisima, na kila aliyewahi kupika chai kwa maji ya visima vya Dar anajua ladha yake. Chumvi iliyobaki kwenye kuta za chombo imetosha kuharibu chembe zangu kabla hazijazaliwa vizuri.

Nikasuuza mara sita. Njano.

11 Machi

Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaonyonywa, imeonyesha kilele kimoja, chembamba, karibu na nanomita 400. Chembe zimetawanyika, hazijashikana, na kwa njia hii ya upishi ukubwa wake huwa kama nanomita 12.

Jioni nilijaribu kumweleza shemeji yangu, kondakta wa daladala, udogo huo. Bakteria ninayemtumia, *E. coli*, ana urefu wa nanomita 2,000 hivi. Nikamwambia: mchukulie bakteria kuwa ni Hiace yako ya mita tano, chembe yangu inakuwa na upana wa sentimita tatu, ndimu ndogo. "Sasa ndimu inaiua vipi Hiace?" akauliza. Sikuwa na jibu zuri. Nimeliandika swali lake kwenye ukurasa wa mbele wa daftari, maana ni zuri kuliko lile la andiko.

18 Machi

Jaribio la kwanza la kuua. Nimetandaza bakteria juu ya agari, lile rojo la kuwaoteshea, nikaweka vidoa vya karatasi vilivyoloweshwa chembe, nikaziacha sahani usiku kucha kwenye inkubeta, nyuzi 37. Kwa antibayotiki nzuri, asubuhi unakuta duara safi kuzunguka kidoa, mahali ambapo bakteria hawakuota.

Asubuhi: hakuna duara. Bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, wengine juu ya karatasi yenyewe, kama wanaonikejeli.

Furaha ya kwanza ilikuwa ya kijinga: nikadhani nimepata bakteria sugu. Msimamizi alipita, akazitazama sahani kwa sekunde kumi, akasema, "Soma kibandiko cha agari." Gramu 5 za chumvi ya kawaida kwa lita. Ile ile kloraidi ya wiki mbili zilizopita, safari hii nimeinunua mwenyewe na kuipima kwenye mizani. Tena kuna peptoni, yaani vipande vya protini vinavyoipenda fedha na kuivaa kama kanzu. Na hata zisingekuwepo chumvi wala peptoni, chembe hazitembei ndani ya agari kama dawa inavyotembea. Zinakaa pale ulipoziweka.

Kwa maneno mengine, nimepima agari.

Nimerudia kusoma maandiko niliyokuwa nimeyapanga kama ushahidi, nikiangalia sehemu moja tu: walitumia chakula gani cha bakteria? Wengine wametumia supu yenye gramu 10 za chumvi kwa lita, kisha wakatoa kiwango cha fedha kinachoua na kukiita tabia ya fedha. Ukikipeleka kiwango hicho mtoni au baharini hakina maana yoyote. Sasa naona ile kalamu nyekundu ilikuwa inauliza nini.

25 Machi

Njia mpya. Bakteria wanaoteshwa kama kawaida, kisha wanazungushwa kwenye sentrifuji na kuoshwa mara tatu kwa maji yenye sodiamu naitreti, ambayo haina ugomvi na fedha. Wanakutanishwa na chembe kwa saa tatu, kisha ninapunguza mara kumi, mara mia, mara elfu, ninatandaza na kuhesabu koloni kesho yake, yaani vidoa vilivyoota, kila kimoja kutoka kwa bakteria aliyebaki hai. Ni kazi ya kuua mgongo, lakini inasema kweli.

Chupa isiyo na fedha: koloni 142 kwenye sahani ya kuhesabia. Chupa ya chembe: 9. Chupa yenye naitreti ya fedha, yaani fedha iliyoyeyuka kabisa ikawa ioni (atomi moja moja zenye chaji), kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho cha fedha: sifuri.

Hapo ndipo lile swali la ndimu na Hiace lilipoanza kujibika. Nikaongeza chupa ya nne, yenye chembe pamoja na sisteini, amino asidi yenye salfa ambayo hudaka ioni za fedha na kuzishika. Koloni 131. Chembe zote zilikuwa bado mle ndani, njano ilikuwa bado inaonekana kwa macho, na bakteria wakaishi karibu wote.

Kwa hiyo kwenye chupa zangu ndimu haiui Hiace kwa kuigonga. Ndimu inavuja. Oksijeni iliyomo majini inaula uso wa chembe kama kutu inavyoula bati la nyumba ya ufukweni, ioni zinatoka, na ioni ndizo zinazoingia kwa bakteria na kung'ang'ania protini zenye salfa, zile za kupumulia kwanza. Si ugunduzi wangu. Kundi la Rice University, Texas, lilionyesha mwaka 2012 kwamba mahali pasipo na oksijeni kabisa, chembe za fedha haziwadhuru *E. coli* hata kwa dozi kubwa, kwa kuwa hazivuji. Nilikuwa nimeisoma kazi hiyo mwezi Januari na kuipigia mstari. Kuielewa nimeielewa leo, saa moja usiku, nikihesabu koloni huku nimeshika kaunta ya kubofya.

Kuna ubishi kuhusu chembe ndogo sana, zile za chini ya nanomita 10, ambazo zimeonekana kwa hadubini ya elektroni zikiwa zimeng'ang'ania utando wa bakteria, nyingine zikiwa zimeingia ndani. Nadhani pande zote mbili ziko sawa, kwa maana kwamba chembe iliyobandikwa kwenye utando inavujia mahali pabaya zaidi. Lakini inavuja.

2 Aprili

Umeme umekatika usiku, ukarudi alfajiri. Sahani 36 zimekwenda.

5 Aprili

Jambo la ajabu ambalo si la ajabu. Nimerudia jaribio la tarehe 25 kwa chupa ile ile ya chembe niliyoipika wiki tatu zilizopita, na safari hii koloni zimekuwa 0. Kiasi kile kile, bakteria wale wale. Chembe zimezeeka chupani, zimekuwa zikivuja taratibu muda wote huo, na ioni zimejikusanya. Kuanzia leo kila chupa ina tarehe ya kupikwa, na hakuna kutumia iliyozidi siku tano. Fundi amesema anashangaa sikuwa nikiandika tarehe. Na mimi nashangaa.

10 Aprili

Bwawani, hatimaye. Masika imeshika, njia ya Jangwani ilikuwa chini ya maji na tulizunguka mji mzima na vipoza vyetu. Sitayataja mabwawa yenyewe, maana ruhusa niliyopewa ni ya kuchota maji, si ya kuandika habari za watu.

Mlinzi alitupokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunataka kujua madini ya fedha yakiingia humu yanakuwaje. Akacheka: "Mjukuu wangu, humu imeshaingia hadi simu. Fedha itaogopa nini?"

Majitaka hupita bwawa hadi bwawa. La kwanza ni la kina kirefu, maji yake ni meusi, juu yana mapovu mazito, na hewa yake inakukaba. Ya mwisho ni mapana, kina chake ni kifupi, yamejaa mwani, kijani kibichi, na ndege wanatembea pembeni. Harufu ya bwawa la kwanza ni ya mayai viza, na si tusi, ni kemia. Ndani ya tope, ambako oksijeni imekwisha, kuna bakteria wanaopumua salfeti badala ya hewa na kutoa haidrojeni salfaidi. Karatasi ya risasi asiteti, inayoitambua gesi hiyo kwa kuwa nyeusi, niliyoining'iniza juu ya chupa ya sampuli iligeuka kahawia ndani ya dakika, kisha nyeusi.

Nimechota lita nne kutoka la kwanza na lita nne kutoka la mwisho, pamoja na kopo la tope. Chupa za bwawa la kwanza zimejazwa mpaka mdomoni ili hewa isibaki. Dereva amekataa tufunge vioo.

11 Aprili

Tatizo nililoliona jana njiani: maji ya bwawa yana bakteria wake maelfu kwa maelfu. Nikimtumbukiza *E. coli* wangu, nitamtambuaje kwenye sahani? Jibu lilikuwa kwenye friji ya maabara muda wote. Tunayo aina ya *E. coli* inayovumilia asidi ya nalidiksiki, dawa ya zamani ya mkojo. Ukiitia dawa hiyo kwenye agari, wenyeji wa bwawa karibu wote wanashindwa kuota, anabaki wa kwetu. Siku mbili zijazo ni za kuhakikisha hilo kwa sahani za maji ya bwawa peke yake.

15 Aprili

Hii ndiyo siku ya mradi mpaka sasa, kwa hiyo nitaiandika kwa urefu.

Chupa A: maji ya bwawa la kwanza, mabichi, yamefungwa. Chupa B: maji hayo hayo yaliyochemshwa kisha kupulizwa hewa mpaka karatasi ya risasi isibadilike tena. Chupa C: maji safi yenye sodiamu naitreti. Zote tatu zimetiwa chembe za siku mbili, kiasi kimoja, na kuachwa saa 24 kabla ya kutiwa bakteria wetu.

C imebaki njano. B imefifia na kuelekea kijivu, jambo nililolitarajia, kwa kuwa maji ya bwawa nayo yana chumvi na uozo unaozivaa chembe. A ilianza kubadilika nikiwa bado nimeishika. Njano ikawa kahawia ya chai ya mkandaa, na asubuhi kulikuwa na vumbi jeusi chini ya chupa.

Koloni: C, 6. B, 58. A, 139, ukilinganisha na 144 za chupa isiyo na fedha. Ndani ya maji mabichi ya bwawa la kwanza, fedha yangu imekuwa kama haipo.

Vumbi jeusi ni salfaidi ya fedha, yaani fedha iliyoungana na salfa. Inayeyuka kidogo kupita karibu chumvi zote za fedha, na ioni zikifungwa humo hazitoki kwa urahisi. Kwa mitambo mikubwa jambo hili limeshaonekana kabla yangu: mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikuta chembe za nano za salfaidi ya fedha kwenye tope la majitaka, na mwaka 2011 kundi la Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, lilitia chembe za fedha kwenye mtambo wa majaribio na kukuta karibu zote zimegeuka salfaidi. Lakini kusoma si sawa na kuona vumbi lenyewe linajikusanya kwenye chupa yako.

Msimamizi hakushangilia. Akauliza: "Umeonyesha salfaidi inafanya. Bakteria umewaonyesha wapi?" Kweli. Huenda salfaidi ile ilikuwa imeletwa na maji tangu mbali. Kwa hiyo leo jioni nimefunga chupa nyingine mbili, zote za maji yaliyochemshwa yenye chembe za fedha, salfeti kidogo na chakula kidogo, zimetolewa hewa. Moja nimeitia kijiko cha tope hai. Nyingine tope hilo hilo lililopikwa kwenye autoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu.

Usiku nilimpigia bibi Pangani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nilimuuliza habari ya bangili zake za fedha, zile anazozitoa siku ya Idi. Zinakuwa nyeusi kwa nini? Bibi anaamini bangili inakuwa nyeusi mwenyewe akiwa na maradhi, inayavuta. Anazisafisha kwa jivu na ndimu. Nikamwambia ni salfa iliyomo hewani, na jambo hilo hilo limetokea leo kwenye chupa yangu ya majitaka. Kimya kidogo. "Bangili zangu unazifananisha na choo?" Nimeomba radhi.

23 Aprili

Chupa yenye tope hai: nyeusi tii. Chupa yenye tope lililopikwa: ina njano chafu, nyeusi hakuna. Bakteria wetu wa majaribio, waliotiwa baada ya chupa kufunguliwa na kupulizwa hewa: hai kwenye ya kwanza, wamepungua sana kwenye ya pili. Nimerudia mara tatu kabla ya kuandika mstari huu.

Wale wapumua-salfeti hawakutaka kumwokoa mtu yeyote; walikuwa wanakula na kupumua, na taka zao zikawa kinga ya mtaa mzima. Lakini nalo si jambo la kulitegemea bila kufikiri. Kwenye maji ya bwawa la mwisho, lenye mwani na oksijeni, chembe hazikuwa nyeusi na vifo havikuisha: koloni 40 kati ya 144. Fedha ikipita bwawa la kwanza bila kugeuka, kwa mfano siku ya mvua kubwa maji yanapokimbia, itafika mahali ambapo bado inauma.

28 Aprili

Nimejaribu kitu pembeni na kimeshindikana. Mwaka 2018 kundi la Olomouc, Jamhuri ya Cheki, lilionyesha kwamba *E. coli* akikutanishwa na chembe za fedha mara nyingi kwa dozi isiyomuua, anajifunza kutoa flajelini, protini ya mkia wake wa kuogelea, ambayo inazigandisha chembe mabonge mabonge nje ya mwili wake. Hakuna jeni lililobadilika; ni tabia tu. Na walichoizima nacho tabia hiyo ni dondoo la ganda la komamanga. Nikaona nami nijaribu. Baada ya kupitisha mara tano sikuona mabonge, na safari ya sita nikachafua chupa kwa kuvu. Nimeliacha, si kazi ya mradi huu.

Ninaloliweka moyoni ni habari ya Boston, mwaka 1975. Kwenye wodi ya majeraha ya moto ya Massachusetts General Hospital, ambako vidonda vilikuwa vikiloweshwa naitreti ya fedha, waligundua *Salmonella* iliyovumilia fedha na antibayotiki kwa pamoja. Jeni za uvumilivu huo zilikuwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Bwawa la mwisho, lenye fedha kidogo isiyoua wote, ni mahali pazuri pa somo la namna hiyo. Nitaliandika kwenye sura ya mapendekezo, na safari hii sitafutiwa.

4 Mei

Mwenzangu wa meza ya jirani anafanya upande wa pili wa shilingi: bakteria wanaotengeneza chembe. Uhondo upo huko, sikatai. *Pseudomonas stutzeri* AG259, aliyetolewa kwenye mgodi wa fedha, anajaza fuwele za fedha za hadi nanomita 200 pembeni mwa mwili wake. Habari hiyo ilitoka mwaka 1999. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mgodi wa zamani uliojaa maji huko Wisconsin, Marekani, wakakuta utando wa bakteria wapumua-salfeti, ndugu wa hawa wa tope letu, umejaa chembe za salfaidi ya zinki za nanomita 2 hadi 5. Na wapo wale wanaofuata sumaku, walioelezwa na Richard Blakemore mwaka 1975, wenye mnyororo wa chembe za magnetaiti tumboni kama sindano ya dira. Nano haikuanzia kiwandani.

Lakini mwenzangu aliponionyesha chupa yake, naitreti ya fedha ndani ya supu ya bakteria, imekuwa kahawia, na furaha tele, nilimuuliza swali la kalamu nyekundu: chupa isiyo na bakteria iko wapi? Hakuwa nayo. Tumeiweka pamoja: supu tupu, haijaona bakteria hata mmoja, kwenye dirisha lenye jua. Kesho yake nayo ikawa kahawia. Sukari na protini za supu zikisaidiwa na mwanga zinaweza kuigeuza fedha zenyewe. Zipo kazi nyingi sana za "bakteria wametengeneza nano" ambazo ningependa kuona chupa yao tupu. Sasa anafanya kwa chupa zilizofungwa karatasi ya alumini, na seli zilizooshwa. Rangi inachelewa zaidi, lakini ikija ni ya bakteria.

12 Mei

Kikao na msimamizi. Amekubali sura ya bwawa la kwanza. Swali lake la leo: vumbi jeusi linakwenda wapi?

Linakwenda kwenye tope. Na tope la bwawa siku moja linachotwa, linaanikwa, na likishakauka kuna watu wanalitaka kwa ajili ya bustani. Mchicha wa Dar kila mtu anajua unavyopenda mbolea. Ndani ya tope lenye maji, giza na ukosefu wa hewa, salfaidi ya fedha imetulia. Ukilianika juani na kulipitisha hewa, hali zote zilizoituliza zimeondoka. Je, inabaki ilivyo, au fedha inaanza tena kuvuja? Kwa namna salfaidi ya fedha ilivyo ngumu kuyeyuka, nabashiri itavuja kidogo sana na kwa miezi. Lakini nilibashiri pia kuhusu duara kwenye agari.

Mpango: trei sita za tope, tatu zenye chembe zilizokwisha kuwa nyeusi, tatu bila, zote juu ya dari ya jengo. Kila wiki gramu kumi zinaloweshwa kwenye maji safi na kujaribiwa kwa bakteria wetu wa nalidiksiki.

14 Mei

Trei zimepanda darini asubuhi. Saa sita mchana kunguru walikuwa wameshapindua mbili na kutawanya tope mpaka kwenye mlango wa ofisi ya mhasibu, ambaye amenipigia mwenyewe. Trei nne zimebaki. Fundi ameleta chandarua cha zamani kutoka nyumbani kwake, tumekifunga kwa waya na matofali. Kipimo cha kwanza ni tarehe 21.